Mwandiko wa Profesa

Jumatatu, 19 Februari

Mvua imeanza leo. Nimepokea kazi ya sare za shule, sketi arobaini na mashati arobaini, na daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo. Kurasa za mbele ni za viuno na vifua vya watoto wa watu. Za nyuma nimejipa mwenyewe. Sijawahi kuandika shajara, niliona ni kazi ya wenye nafasi, lakini leo nina jambo moyoni na sina wa kumwambia.

Mwalimu wa darasa kaniita. Binti yangu mkubwa ana miaka kumi na sita. Tunamwita Profesa tangu darasa la pili, alipoanza kumsahihisha baba yake hesabu mbele ya wateja. Mwalimu kanitandazia mezani mitihani yake ya mwisho: saba, kumi na moja, sifuri. Kando yake kaweka madaftari ya kazi za nyumbani: themanini na tano, tisini, vizuri sana.

"Mama, hizi za nyumbani anafanya nani?"

"Anafanya mwenyewe, mwalimu," nikasema bila kupepesa macho.

Nafanya mimi. Hapa naweza kusema. Ilianza na vifungo, miaka miwili iliyopita. Profesa alikuwa ananisaidia kutoboa matundu ya vifungo na alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, halafu ghafla yakaanza kwenda upande. Sikumgombeza. Mwanafunzi wa ushonaji akikosea unafumua, unashona upya, na mteja haulizi. Kisha zikaja kazi za shule. Anaandika mstari nusu, anaganda na kalamu mkononi. Nikasema nimsaidie wiki hii tu. Mimi nikiliona gauni limepita barabarani nikifika nyumbani nalishona lilivyo, na mwandiko nao nikauona ni mshono tu. Herufi g yake ina mkia uliokunjwa kama ndoano. Ilinichukua siku mbili kuupata.

Mume wangu hajui.

Alhamisi, 22 Februari

Mashati tisa. Mvua. Profesa katia chumvi kwenye chai, akainywa yote, hakusema kitu.

Ijumaa, 1 Machi

Mume wangu ni kinyozi, chumba chake cha kazi kimepakana na changu. Ni mtu wa kuvunja watu mbavu. Kwa kweli kuna siku nimemwona mtu mwepesi, mtu ambaye hata nyumba ikiungua ataanza na kichekesho. Leo mchana tumekaa kula, akaanza: "Kaja mteja ana upara, anataka nimpunguzie bei kwa sababu nywele ni chache. Nikamwambia mzee, wewe unalipa zaidi, kuna kazi ya kuzitafuta."

Chiriku, mdogo mtu, ana miaka tisa na jina lake analistahili, akacheka mpaka chakula kikamtoka puani. Profesa naye akacheka. Mara kidevu kikadondoka kifuani, magoti yakalegea, akaporomoka kutoka kwenye kiti kama nguo iliyoteleza kwenye msumari. Macho wazi. Baada ya muda akainuka mwenyewe na kuendelea kula.

Ni mara ya tatu ndani ya wiki nne. Nilimfokea. Nilimwambia aache kujidai, ameshakuwa mkubwa.

Jumanne, 5 Machi

Profesa kateremka ngazi za nje na kukosa ya mwisho. Nimemchunguza: haangalii chini kwa macho, anainamisha kichwa kizima. Nilidhani anaringa.

Jioni kasimama mbele ya cherehani yangu, haitembei, akasema, "Mama, mwambie anyamaze."

"Nani?"

"Huyu wa humu ndani. Ananiita mjinga."

Nilitazama cherehani. Ujinga wangu, nikainama kabisa nikachungulia chini ya meza. Nimemwambia mume wangu Jumatatu tunakwenda hospitali, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

Jumatatu, 11 Machi

Daktari wa ubongo ni mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, anaongea taratibu. Alimwambia Profesa afuate kidole kwa macho. Kulia, sawa. Kushoto, sawa. Juu, macho yakabaki palepale. Chini, palepale. Kaandika. Kisha akauliza, "Mabadiliko haya yameanza lini?"

Mume wangu akawahi. "Daktari, huyu mpaka mwezi uliopita alikuwa anapata tisini. Nina ushahidi." Akaondoka mbio kwenye mvua, akarudi na mfuko wa madaftari ya miaka mitatu kaukumbatia chini ya koti. Koti lililoa, madaftari hayakuloa.

Daktari kafungua moja baada ya jingine. Anaangalia tarehe, anaangalia maandishi. "Mwandiko haujatetereka kabisa," akasema. "Kwa ugonjwa unaokwenda polepole, mwandiko ndio huanza kuharibika. Huu umekuja ghafla. Macho yake yananisumbua, hayaendani na madaftari. Lakini ikiwa ni ghafla, huenda ni uvimbe wa ubongo unaosababishwa na kinga ya mwili yenyewe, na huo tunaweza kuutibu na akarudi kama zamani."

Akarudi kama zamani. Nililisikia hilo tu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikaufunga. Niliogopa uso wa mume wangu, hilo kweli, lakini zaidi niliitaka hiyo dawa ya ugonjwa wa ghafla. Niliitaka kiasi kwamba nilianza kuyaamini yale madaftari mwenyewe, mimi niliyeyaandika.

Jumanne, 12 Machi

Wamemlaza. Wamemtoboa mgongoni kutoa maji ya uti wa mgongo. Alinishika kidole cha shahada muda wote, akavuta kama anataka king'oke.

Alhamisi, 14 Machi

Sindano, siku ya kwanza kati ya tano. Mvua haikati.

Jumatano, 20 Machi

Hakuna mabadiliko. Daktari anasema tusubiri.

Jumanne, 26 Machi

Dawa imemvimbisha uso mpaka mwalimu wake aliyekuja kumwona alipita kitanda akaenda kumsalimia mgonjwa wa jirani. Hapati usingizi. Sauti imeongezeka, sasa si ya cherehani tu, iko kwenye bomba na kwenye viatu vya muuguzi. Leo kamng'ata muuguzi mkono. Wakamfunga kitambaa kwenye vifundo vya mikono, wakaniomba radhi, nikawaambia hapana, fungeni. Niliyakagua yale mafundo, maana mimi siachi, nikaona yamefungwa vizuri bila kumbana.

Alipotulia akaniuliza, "Mama, nimekosea wapi?"

Nilimwambia hajakosea popote. Akaniangalia kama mtu anayejua anadanganywa ila amechoka kubisha.

Jumanne, 2 Aprili

Nimesema.

Daktari alituita ofisini, mimi na baba yake. Akaeleza kwamba awamu ya kwanza haikusaidia, sasa anafikiria dawa kali zaidi, inayoshusha kinga yote ya mwili. Anaweza kupata maradhi mengine, lakini kwa kuwa ugonjwa ni wa miezi miwili tu, kuna sababu ya kujaribu. Madaftari yalikuwa mezani kwake. Alikuwa ameyawekea alama za karatasi.

"Si wa miezi miwili," nikasema.

Nikaomba kalamu. Nikachukua karatasi ya daktari nikaandika mstari mmoja kwa mwandiko wa Profesa, pamoja na g yenye ndoano, nikauweka kando ya daftari. Sikuwa na namna nyingine ya kulieleza. Daktari akatazama kule, akatazama huku.

"Tangu lini, mama?"

"Miaka miwili. Ile ya kwanza ambayo ni yangu ni hii." Nikamfungulia ukurasa. Naujua.

Sikugombezwa. Ingekuwa afadhali. Daktari alifuta dawa aliyokuwa amekwisha kuiandika, akauliza maswali upya kuanzia alipozaliwa. Nikamwambia alizaliwa wa manjano, akabaki wa manjano wiki saba, tukaambiwa yatakwisha, yakaisha. Nikamwambia ya kuanguka anapocheka. Hapo akaiweka kalamu chini. "Anaanguka anapocheka, na hamkuniambia?"

"Tulidhani anajidai," mume wangu akasema. Ndilo neno pekee alilolisema mle ndani.

Nje, chini ya paa la bati, alisimama kunipa ubavu. "Miaka miwili nimekuwa nikiwaringia wateja," akasema. "Naliweka daftari pale kwenye kioo, namwambia mtu, hebu tazama mwandiko wa mtoto wangu. Kumbe nawaringia kwa mwandiko wako."

Alitangulia na mwavuli, akasimama mbele akaningoja, hakugeuka.

Jumatano, 3 Aprili

Daktari kampapasa Profesa tumbo, wengu umevimba. Kachukua damu yake, itapelekwa nje ya nchi kuchunguzwa vinasaba. Majibu ni baada ya wiki tano. Zile dawa za mwanzo zimesimamishwa. Kasema tusimchekeshe, asije akavunjika.

Jumatano, 10 Aprili

Tumerudi nyumbani. Nyumba ya kinyozi imepiga kimya. Chiriku akianza habari ya kuchekesha, baba yake anamkata jicho.

Ijumaa, 19 Aprili

Profesa anajing'oa nywele. Sauti inamwambia zina wadudu. Leo baba yake kafunga kazi saa nne asubuhi, kamkalisha kwenye kiti cha wateja, kamtandikia kitambaa safi, kamnyoa. Nilisimama mlangoni. Anamnyoa na kumweleza kila hatua kabla hajaifanya: sasa nakuja nyuma ya sikio, sasa naweka mashine chini, sasa ni kitambaa tu hiki. Saa nzima kwa kichwa kimoja. Mwisho akampaka mafuta na kumgeuzia kioo, na kwa kuwa macho ya Profesa hayaendi juu, akakishusha kioo mpaka kikalingana nayo.

Miaka kumi na nane nimeolewa na mtu huyu nikidhani namjua.

Bado hasemi nami ila kwa lazima.

Jumanne, 23 Aprili

Kola thelathini. Mvua usiku kucha na mchana kutwa.

Jumatatu, 29 Aprili

Kapotea kati ya choo na chumba cha kulala. Ni hatua sita. Chiriku kamkuta amesimama uso ukutani, kamshika mkono. "Twende, Profesa, kona ni huku." Nilikuwa namwona huyu mdogo ni kelele tu. Kumbe amekuwa akimfungia dada yake kamba za viatu tangu mwaka jana, na hakumwambia mtu. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akajibu, "Nilidhani wewe unajua."

Jumatano, 8 Mei

Majibu yametoka. Naandika nilivyoelewa.

Kuna mafuta ambayo kila chembe ya mwili huyatumia na kuyatoa. Kwa Profesa hayatoki. Yanarundikana, kwanza kwenye ini na wengu, halafu kwenye ubongo, na ubongo unazibwa kidogo kidogo. Sauti anazosikia, kuanguka, macho, hesabu alizozisahau, vyote ni kitu kimoja. Kisa chake ni kosa dogo kwenye kinasaba. Mimi ninalo, baba yake analo. Mmoja wetu akiwa nalo peke yake haumwi, ndiyo maana hatukujua. Mtoto akilipokea kutoka pande zote mbili, basi.

Daktari kaniona sielewi akauliza kazi yangu. Kisha akasema, "Chukulia una karatasi mbili za kukatia shati, moja imekosewa. Unatumia ile nzima, shati linatoka. Yeye zote mbili zimekosewa."

"Unafumuaje?" nikauliza.

"Haifumuliki, mama."

Mume wangu akauliza kama kuna dawa. Ya kuponya hakuna. Kuna vidonge vinavyochelewesha, vinafanya kazi zaidi kwa aliyewahi mapema. Hapa havipo. Watengenezaji wana mpango wa kuwapa wagonjwa wachache, ila lazima mgonjwa apimwe akili na mwendo, na apate alama zinazotakiwa.

Nikauliza nililokuwa naliogopa. "Tungekuja miaka miwili iliyopita?"

Daktari hakuharakisha. "Siwezi kukuapia kwamba angepona. Asingepona. Angeweza kuwa na muda zaidi." Kisha akasema, "Na huyo mdogo? Kila mtoto wenu ana nafasi moja kati ya nne."

Alhamisi, 9 Mei

Tumegombana, mara ya kwanza tangu Aprili tunasemeshana maneno zaidi ya kumi.

"Mwache," akasema. "Haumwi. Anacheka, anaruka kamba. Ukishajua utamtazamaje?"

"Nimeshanyamaza mara moja."

"Huo ni mzigo wako, usimtwishe mtoto."

"Baba Chiriku, kama analo na kuna dawa ya kuchelewesha, kila siku tunayokaa kimya tunamnyima."

Akakaa juu ya rundo la sketi zilizopigwa pasi, mimi nikaacha akae. Akafunika uso kwa mikono. "Nachoka," akasema. "Mimi kazi yangu ni kuchekesha. Sasa nikimchekesha mmoja anaanguka, nikimtazama mwingine nangoja aanguke." Nilikaa kando yake. Tuliziharibu zile sketi zote kwa kukalia.

Jumatatu, 13 Mei

Wamemtoa Chiriku damu. Kaongea mwanzo mpaka mwisho, kamuuliza muuguzi kama sindano ina uzi.

Ijumaa, 24 Mei

Chiriku analo, kutoka pande zote mbili.

Jumamosi, 25 Mei

Sina cha kuandika. Mvua imekatika.

Jumatano, 29 Mei

Wote wawili wamepimwa kwa ajili ya ule mpango. Chiriku kaingia na kutoka anaruka. Kisha Profesa. Waliniruhusu kukaa nyuma yake nikiahidi kutosema.

Aliambiwa ataje siku ya leo. Akasema, "Mvua." Aliambiwa achore saa. Alichora duara, duara zuri, halafu akaganda na kalamu mkononi. Aliambiwa aandike sentensi yoyote. Ilimchukua dakika nzima. Nilikuwa nikiona bega lake tu linavyokwenda, na mkono wangu mwenyewe ukawa unakwenda juu ya paja, unaandika badala yake. Niliukalia.

Mtihani huu sikuweza kumfanyia.

Ijumaa, 7 Juni

Jibu: mdogo amekubaliwa. Mkubwa amepita kiwango. Ndivyo walivyoandika, amepita kiwango. Mume wangu alisoma akadhani ni habari njema, nikalazimika kumweleza kwamba ni ugonjwa ndio umepita.

Jumatatu, 17 Juni

Vidonge vimefika. Daktari kaja navyo mwenyewe nyumbani akatuonyesha jinsi ya kumpa, kimoja kila asubuhi kwa kuanzia. Kwa Profesa kaacha dawa ya usingizi na ya kupunguza zile sauti.

Jumanne, 18 Juni

Asubuhi ya kwanza. Chiriku kakaa mezani wima, baba yake kampa kidonge kwenye kijiko, kakimeza, kafungua kinywa kuonyesha. Profesa alikuwa kwenye kiti chake. Sikujua kama anafuatilia. Akaweka kiganja mezani, kimefunguka.

"Na changu?"

Chiriku akafunga kinywa. Mume wangu akainuka, akanivuta mpaka jikoni. "Mpe hata kidonge cha vitamini," akaninong'oneza. "Atajuaje?"

Kwa mkono wangu huu ningeweza. Kopo la vitamini lilikuwa pale kwenye rafu. "Hapana," nikamwambia. "Nimemfanyia hivyo miaka miwili."

Nikarudi, nikapiga magoti mbele yake ili uso wangu uwe pale macho yake yanapofika.

"Chako hakipo, mwanangu. Hawakutupa."

"Nilifeli?"

"Hukufeli. Ulipoanza kuumwa niliona, nikaficha. Tumechelewa kwa sababu yangu."

Kisha akakunja kiganja. "Basi Chiriku asisahau chake," akasema.

Nilitoka nje nikalia mpaka kifua kikauma.

Jumatano, 19 Juni

Kijiko, kidonge. "Na changu?" Alikuwa amesahau yote. Nikapiga magoti, nikamwambia upya, yote, na lile la kuficha. "Nilifeli?" akauliza.

Alhamisi, 20 Juni

Kauliza. Nimejibu. Leo alilia kidogo.

Ijumaa, 21 Juni

Kauliza. Mume wangu kasema, "Pumzika, leo nitamjibu mimi." Akapiga magoti. "Chako hakipo, mama," akamwambia, "tulichelewa, mimi na mama yako." Alisema mimi na mama yako. Mimi nilikuwa namwaga maji kwenye birika, nikayamwaga nje.

Jumatatu, 24 Juni

Nimemaliza sare. Kauliza. Nimejibu.

Jumanne, 25 Juni

Kauliza. Nimejibu. Nilidhani nitazoea.

Ijumaa, 28 Juni

Kauliza mara mbili, ya pili baada ya Chiriku kwenda shule. Nimejibu mara mbili.

Jumanne, 2 Julai

Chiriku kameza kidonge, kafungua kinywa, kafunga kamba za viatu vya dada yake kisha vyake. Nilikuwa nimeshapiga magoti. Profesa alikitazama kijiko, akanitazama mimi, akatazama dirisha.

Leo hakuuliza. Nilikaa pale sakafuni, jibu liko mdomoni, mpaka baba yake akaja akaniinua.